Salio la Kuanzia

SEHEMU YA KWANZA

Ofisa wa benki hakukubali kiti. Alisimama mlangoni pa ofisi ya Neema, faili kwapani, akauliza jambo moja tu.

"Ndoo za lita 20 zilizomo ghalani sasa hivi ni ngapi?"

Neema alipiga simu stoo. Mama Rehema, anayeshika funguo za ghala tangu kiwanda kikiwa na mashine moja ya kukamulia, alijibu papo hapo: 1,140. Alipiga mauzo, akaambiwa 905. Akafungua jedwali lake la Excel, lile lile ambalo benki hutumiwa kila mwisho wa mwezi. Likasema 1,312.

Ofisa aliandika namba zote tatu kwenye karatasi moja, akaigeuza Neema aione vizuri.

"Hela ya msimu haitoki kwa namba tatu, dada. Nitarudi tarehe 31, saa kumi jioni. Niwekeeni namba moja, na mnionyeshe imetoka wapi."

Kiwanda cha Mzee Ntandu kinakamua alizeti mjini Singida. Kina wafanyakazi 84, mashine sita, malori matatu na duka la jumla Dar es Salaam. Siku ile hakuna aliyedanganya. Mama Rehema alihesabu ndoo zilizokuwa sakafuni. Mauzo walikwisha kutoa zilizoahidiwa wateja wa Mwanza. Neema naye alikuwa hajaletewa karatasi za mzigo uliotoka wiki ile. Zilikuwa kwenye kibanda cha mlinzi, chini ya redio. Hesabu za fedha ziko kwenye Tally, mishahara kwenye Excel, stoo kwenye daftari la kaunta, na oda za Dar es Salaam kwenye kundi la WhatsApp. Biashara nyingi za ukubwa wa kati ziko hivyo hivyo. Zimelizidi daftari, lakini hazijafikia kuwa na idara yao ya kompyuta.

Jioni alimkuta baba yake uani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nimeshasikia." Mzee Ntandu alikaa kimya kitambo. "Tafuta mfumo. Mmoja. Ushike kila kitu, kuanzia kwenye mizani mpaka getini."

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Huanza na majina: kuna SAP ya Wajerumani iliyoanza mwaka 1972, kuna ya Microsoft, kuna Odoo ya Wabelgiji, na kila jina lina wakala mwenye picha nzuri na kadi ya biashara. Wanauliza upi ni bora kabla ya kusema bora kwa kazi ipi. Neema hakumpigia wakala yeyote. Alichukua daftari, akaenda kukaa kwenye mizani tangu asubuhi, akafuata gunia moja moja mpaka likatoka getini likiwa kitu kingine.

Aliandika aliyoyaona. Mbegu za aina ya Rekodi zinaletwa kwenye lumbesa, hivyo hesabu ya magunia haina maana, zihesabiwe kilo. Mbegu mbichi zinakatwa unyevu, na mkulima hulalamika asipoonyeshwa makato. Mkulima analipwa kwa simu akiwa bado amesimama pale pale. Gunia moja linazaa vitu viwili, mafuta na mashudu, na vyote vinauzwa. Ndoo tupu za wateja zinarudi. Kila mauzo yana risiti ya EFD. Mishahara ina makato ya NSSF na kodi ya mapato, na mwajiri mwenyewe hulipa tozo ya mafunzo ya ufundi. Umeme hukatika mashine ikiwa katikati ya kazi. Mwisho kabisa, akapiga mstari mara mbili chini yake: *Mbegu mpya zinaanza kuingia Mei.*

Ilikuwa Machi.

Kabla hajampa baba yake daftari hilo, kaka yake Elia, anayesimamia duka la Dar es Salaam, alifika na mgeni aliyevaa suti. Wakamwomba Mzee chumba cha mikutano. Projekta ikawashwa. Mshauri yule alizungumza vizuri, kwa adabu, juu ya mfumo mkubwa wa kigeni unaotumiwa na viwanda vya nchi nyingi. Picha zikapita: ghala, fedha, mauzo, mishahara, vyote vikitazamana kwenye kioo kimoja.

Picha ya mwisho ilikuwa ratiba. Kuanza kutumika: tarehe 1 Juni. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Malipo ya awali: yamepokelewa.*

Neema aliyasoma maneno yale mara mbili. Alipogeuka, alimkuta baba yake naye anayasoma.

"Nani kalipa?" aliuliza Mzee Ntandu.

SEHEMU YA PILI

"Nimelipa mimi," alisema Elia. "Milioni kumi. Hela yangu mwenyewe."

"Hela yako kwa mali ya kiwanda?"

"Tungekaa vikao mpaka msimu upite, Baba. Nimeokoa muda."

Mzee hakuongeza neno. Neema alilipokea jibu lile, lakini halikumkaa. Elia si mtu wa kutoa milioni kumi mfukoni ili kuokoa muda.

Neema alianza na tarehe. Aliwaeleza habari za Hershey, kampuni ya chokoleti ya Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1999 walifunga mfumo mpya wa dola milioni 112. Kazi iliyotakiwa kuchukua miaka minne waliibana ikawa miaka miwili na nusu, wakauwasha Julai, oda za sikukuu ya Halloween zikiwa ndizo zinaanza kuingia. Mfumo ukakwama. Oda za zaidi ya dola milioni 100 hazikufika kwa wateja.

"Chokoleti ilikuwa imekwisha?" Mzee aliuliza.

"Ilikuwepo, Baba. Imejaa ghalani. Mfumo haukujua iko wapi wala iende kwa nani."

Mzee Ntandu alitazama tena tarehe 1 Juni ukutani. Mwezi huo malori ya Iramba, Ikungi na Mkalama hulala foleni nje ya kiwanda.

Mshauri hakukasirika, na kwa hilo Neema alimheshimu. "Dada anasema kweli kuhusu tarehe, tunaweza kuisogeza," alisema. "Lakini nami niseme la Lidl, wale wenye maduka ya vyakula Ujerumani. Walizoea kuthamini bidhaa ghalani kwa bei ya kununulia. Mfumo waliouchagua ulithamini kwa bei ya kuuzia. Wakakataa kubadili desturi yao, wakataka mfumo ndio ubadilishwe. Walihangaika miaka saba. Mwaka 2018 wakauacha, na fedha zilizoteketea zinakadiriwa kuwa euro milioni 500. Kwa hiyo kabla ya kudai mfumo ufanane na kiwanda chenu, jiulizeni ni desturi zipi mko tayari kuziacha."

Hoja hiyo ni nzito na kila mnunuzi aitafakari. Lumbesa ni desturi ya kuacha. Karatasi chini ya redio ni desturi ya kuacha. Lakini alizeti kutoa mafuta na mashudu kwa pamoja si desturi. Ndivyo mbegu ilivyo, na mfumo usioweza kulibeba hilo haufai kiwanda cha kukamua hata ukipewa bure.

Mzee akakata shauri. Wauzaji wawili watapewa kazi moja ile ile: mshauri wa Elia, na binti mmoja fundi wa programu kutoka Dodoma ambaye Neema alikuwa ameanza kuzungumza naye. Hakuna picha za kupamba. Watafanya kazi ya lori moja lililofika kweli kutoka Mkalama: magunia 112, wakulima 37, mengine mabichi. Na sharti jingine alilitoa Neema: atakayebonyeza kompyuta si muuzaji. Ni Mama Rehema.

Mama Rehema aliposikia alijifuta mikono kwenye kanga. "Mwanangu, mimi na hivyo vidude?"

"Wewe ndiye utakayevitumia, mama. Ukikwama wewe, tumekwama wote."

Mshauri alitangulia. Kupima uzito kulikwenda vizuri. Malipo kwa wakulima yalikwenda vizuri zaidi ya walivyotarajia. Walipofika kwenye kukamua, Mama Rehema aliandika lita za mafuta, kisha akauliza mashudu anayaweka wapi.

"Kwa sasa tutayaingiza kama manunuzi ya bei sifuri," alisema mshauri.

Neema aliinua kichwa. "Kwa hiyo gharama yote ya mbegu inabebwa na mafuta?"

"Kwa sasa, ndiyo."

"Basi kila ndoo itaonekana ghali kuliko ilivyo, na kila kiroba cha mashudu kitaonekana faida tupu. Baba atapanga bei kwa namba za uongo."

Binti wa Dodoma alikuja na Odoo, programu iliyozaliwa mwaka 2005 kwa jina la TinyERP na ambayo toleo lake la msingi liko wazi kwa mtu yeyote kulichukua bila kulipa leseni. Alimwekea Mama Rehema kanuni ya kiwanda chenyewe: kilo 100 za mbegu hutoa kilo 27 za mafuta na kilo 68 za mashudu, kilo 5 zinapotea kwa unyevu na taka. Gharama ikagawanywa kati ya mafuta na mashudu kwa thamani yake sokoni. Mama Rehema alibonyeza, akasubiri, akasoma kwa sauti. Namba zilifanana na daftari lake.

Kisha wakafika kwenye risiti.

"Hii sijaifanya," alisema binti. "Kuunganisha na TRA kunataka wiki tatu. Sitawaonyesha kitu ambacho hakipo."

Elia aliwahi hapo hapo. "Na uko peke yako. Ukipata kazi Dar es Salaam kesho, nani atatufungulia?"

Binti hakuwa na jibu. Swali lilikuwa la haki, na Neema aliliandika. Programu ya bure inahitaji mikono ya kuitunza, na mikono hiyo ikiwa miwili tu, hiyo ni hatari ya kuandikwa kwenye mkataba: maelezo yote ya kazi yabaki kiwandani, na awepo fundi wa pili anayeyajua.

Mama Rehema naye alikuwa na lake. "Intaneti ikikatika kama mwaka ule?" Wote walikumbuka. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikabaki na intaneti ya kunyata. Mshauri alikiri kwamba seva za mfumo wake ziko Ulaya. Intaneti isipokuwepo, kazi inasubiri. Binti alisema wake unaweza kukaa kwenye seva ya kiwandani, "lakini mtanunua betri, mtamweka mtu wa kuilinda, na kila usiku nakala ya data itoke nje ya jengo hili. Moto hauchagui."

Neema alikwisha kupiga hesabu za miaka mitano kwa kila mmoja. Upande wa mshauri, leseni ilikuwa kwa dola, kila mwezi, kwa kila mtumiaji, na watumiaji walikuwa 22. Hata hivyo si leseni iliyomshtua. Mafunzo yalitengewa siku mbili. Kila badiliko dogo lilikuwa na bei yake. Na kwenye ukurasa wa 19 wa mkataba, kifungu kilisema mteja akiacha kulipa, data yake itafutwa baada ya siku 30, bila kusema atapewaje kwanza.

Lilibaki ombi moja. Aliwataka wote wawili wapakie data ya msimu uliopita, waone kama mfumo unaikubali. Mshauri alikuwa amekataa tangu mwanzo. Mkataba wake ulisema itahamishwa salio la kuanzia tu, yaani kilichopo siku ya kuwasha, basi. Elia alilitetea hilo kwa ukali usio wa kawaida yake.

"Tuanze ukurasa mpya. Ya zamani ya nini?"

Lakini binti wa Dodoma alikwisha kuipakia usiku kucha. Alifungua ripoti, ikatokea ukutani. Mbegu zilizokamuliwa: tani 3,100. Mashudu yanayotarajiwa: tani 2,108. Mashudu yaliyoandikwa kuuzwa au kubaki: tani 1,894.

Chini yake, kwa rangi nyekundu: pengo, tani 214.

Chumba kilinyamaza. Elia aliinuka, akafika ukutani kwa hatua tatu, akachomoa waya wa projekta.

SEHEMU YA TATU

Tarehe 31, saa tisa alasiri. Ofisa wa benki alikuwa amebakiza saa moja.

Mikataba miwili ilikuwa mezani kwa Neema, haijasainiwa. Elia alikaa mkabala naye, macho mekundu.

"Niliiona tangu Novemba," alisema. "Nilikuwa nalinganisha mauzo ya Dar na kukamua kwenu. Haikukaa sawa. Nikapiga tena, haikukaa sawa."

"Ukanyamaza."

"Nilitafuta njia ya kuifunika bila kumwumiza mtu. Mfumo mpya ukianza na salio la kuanzia, la nyuma halifufuliwi. Ndiyo maana nililipa yangu. Sikutaka kiwanda kilipie jambo hilo."

Kuanza na salio peke yake si kosa. Mafundi wengi wazuri hushauri hivyo, maana data chafu ya miaka kumi ikihamishwa inabaki chafu, na inachelewesha kazi kwa miezi. Lakini salio hilo lazima lihesabiwe kwanza, ghala lote, kwa mikono, watu wawili wa idara tofauti wakisaini. Bila hivyo mfumo mpya unarithi uongo wa zamani na kuuchapisha vizuri zaidi. Elia alilijua hilo. Ndiyo sababu alikuwa hamtazami dada yake usoni.

"Unamlinda nani, kaka?"

Elia alitikisa kichwa.

Neema alitoka, akavuka ua mpaka ghalani. Mama Rehema alikuwa amekaa juu ya kiroba cha mashudu, kama mtu anayejua kwamba atafuatwa.

"Mama, daftari lako linaandika kila kinachotoka. Tani 214 si kiroba kimoja. Haziwezi kukupita."

"Hazikunipita, mwanangu."

Aliinuka taratibu, akafungua kabati la chuma ambalo Neema hakuwahi kuliona wazi, akatoa boksi la viatu. Ndani mlikuwa na vibali vya kutoka getini, vimefungwa kwa raba. Tisa. Malori tisa, yote usiku, yote mashudu, yote kwenda Namanga.

"Niliambiwa nisiyaandike kwenye daftari la kaunta. Nikatii. Lakini sikuvichana. Mimi siharibu karatasi ya stoo."

"Aliyekuambia ni nani?"

Mama Rehema alimsukumia boksi. "Unajua kusoma."

Neema alifungua kibali cha kwanza. Tarehe, namba ya gari, uzito, mahali pa kwenda. Kisha sahihi. Hakuhitaji kufungua cha pili. Sahihi ile ilikuwa kwenye ripoti zake za shule, kwenye fomu yake ya chuo, kwenye barua ya kumpa kazi. Alivifungua vyote tisa hata hivyo, kimoja baada ya kingine, na vyote vilikuwa vya mkono ule ule.

Mzee Ntandu. Ndiye aliyesema mfumo ushike kila kitu, kuanzia kwenye mizani mpaka getini.

Alirudi ofisini na boksi mkononi. Kompyuta ya binti wa Dodoma ilikuwa bado mezani, ripoti ikisubiri kuchapishwa. Ndoo: walizihesabu upya jana yake, watu wawili, sahihi mbili, namba ilikuwa moja na ilikuwa safi. Mashudu: tani 214 hazina maelezo. Benki ilikuwa imeuliza ndoo tu. Angeweza kuchapisha ukurasa wa kwanza, akauacha wa pili.

Mlango ulifunguliwa. Baba yake aliingia, akaona boksi, akaona vibali tisa vilivyotandazwa juu ya mikataba miwili. Hakuuliza vimetoka wapi. Aliurudisha mlango na kuzungusha ufunguo.

"Elia anajua nusu," alisema. "Mama Rehema anajua nusu nyingine. Kaa chini nikwambie mashudu yale yalikwenda kulipa nini, halafu wewe ndiye utakayeamua kurasa ngapi zinatoka kwenye hiyo mashine."

Honi ikalia getini. Mlinzi akapiga simu ya mezani: ofisa wa benki amefika, na hayuko peke yake.

ITAENDELEA

Tani 214 zililipa deni gani, na nani ameandamana na ofisa wa benki? Tukutane Jumamosi ijayo. Na wewe msomaji ambaye nawe una mkataba wa mfumo mezani, fungua leo ukurasa unaoeleza data yako itarudije mikononi mwako ukiacha kulipa. Kama haupo, usisaini.